George Washington na Nyumba Yake ya Mount Vernon



Mwezi huu katika habari zetu za watu mashuhuri wa zamani tutamtazama mtu ambaye hata watoto wa shule wanalijua jina lake, yaani George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani. Hatutaeleza sana vita vyake wala siasa zake, kwa kuwa mambo hayo yameandikwa katika vitabu vingi. Tutamtazama kwa njia ya nyumba yake. Mtu akiijenga nyumba moja kwa muda wa miaka arobaini, akiongeza hapa na kubadili pale, nyumba ile humtangaza alivyo, kwa mema yake na kwa mabaya yake. Wazee wetu husema kwamba nyumba njema si mlango, bali fungua uingie ndani. Basi na tuingie.

KUZALIWA KWAKE

George Washington alizaliwa tarehe 22 Februari 1732 katika nchi ya Virginia, ambayo wakati ule ilikuwa koloni la Uingereza. Alibatizwa akingali mtoto mchanga katika Kanisa la Uingereza, maana hilo ndilo lililokuwa kanisa la serikali kule Virginia. Baba yake, Mzee Augustine Washington, alikuwa mwenye mashamba. Moja katika mashamba hayo lilikuwa juu ya kilima ukingoni mwa mto Potomac, nalo lilikuwa mikononi mwa ukoo wao tangu mwaka 1674.

Huko kilimani Mzee Augustine alijenga nyumba ya mbao yapata mwaka 1734. Haikuwa nyumba ya fahari. Ilikuwa na vyumba vinne chini, na ukumbi mwembamba katikati wa kupitisha watu na hewa, na juu yake vyumba vidogo chini ya paa. Mwaka uliofuata jamaa yote ilihamia pale, naye George alikuwa na umri wa miaka mitatu. Walikaa miaka michache tu, kisha mwaka 1738 wakahamia shamba lingine.

Mzee Augustine alifariki mwaka 1743. George alikuwa na miaka kumi na mmoja, na katika urithi wake alipewa watumwa kumi. Tulikumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia. Nyumba ya kilimani haikuwa yake, bali ilikwenda kwa kaka yake, Lawrence, mwana wa mama mwingine. Lawrence alikuwa amepigana vita chini ya Admirali Edward Vernon wa Uingereza, na kwa kumheshimu mkubwa wake aliiita nyumba ile Mount Vernon, maana yake mlima wa Vernon. Hivyo nyumba iliyokuja kujulikana kuwa ya adui mkubwa wa Waingereza ina jina la Mwingereza hata leo.

Lawrence alifariki mwaka 1752. Mwaka 1754 George, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, aliikodi nyumba kwa mjane wa kaka yake, na mjane huyo alipofariki mwaka 1761 ikawa mali yake kabisa.

KUINULIWA KWA PAA

Mwaka 1758 Washington alikuwa akijitayarisha kumwoa Bibi Martha Custis, mjane tajiri mwenye watoto wawili. Aliona kwamba nyumba ya baba yake ni ndogo mno. Wengine wangaliibomoa na kuanza upya, lakini yeye aliamua kulitoa paa, kuziinua kuta kwa orofa moja nzima, na kuweka paa jipya juu yake. Kazi hiyo ilifanywa yeye akiwa mbali mpakani na askari wake, akiisimamia kwa barua. Harusi ilifungwa tarehe 6 Januari 1759, na Bibi Martha akaletwa katika nyumba ya orofa mbili, yenye vyumba vingine tena chini ya paa.

Hapa pana jambo moja la kuangalia. Washington alitamani nyumba yake ionekane kama nyumba za mawe za mabwana wa Uingereza, lakini mawe yalikuwa ghali. Kwa hiyo mafundi walichukua mbao nene za msonobari, wakazichonga mifereji ili zifanane na mawe yaliyopangwa safu kwa safu. Kisha wakazipaka rangi, na rangi ilipokuwa bado mbichi wakairushia mchanga. Mtu akitazama kwa mbali huona ukuta wa mawe. Akija karibu na kuugonga kwa mkono, atasikia sauti ya ubao. Mpaka leo nyumba ile hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo kila ipakwapo rangi.

MZEE WA KANISA

Mwaka 1762 Washington alichaguliwa kuwa mmoja wa wazee wa kanisa katika mtaa wa Truro. Kazi ya wazee hao siku zile haikuwa ya kukaa kitako Jumapili. Wao ndio waliokusanya kodi ya kanisa, wakamlipa kasisi mshahara wake, wakatunza majengo, na kuwaangalia maskini na yatima wa mtaa. Washington alikuwa katika baraza hilo kwa miaka ishirini na miwili, na zaidi ya mara moja alikuwa msimamizi wa kanisa.

Kanisa la zamani la mtaa ule lilipochakaa, aliingizwa katika kamati ya kujenga kanisa jipya la matofali liitwalo Pohick. Lilimalizika mwaka 1774, na lingali linasimama na kutumika. Sisi tunaozijua taabu za kamati za ujenzi, michango isiyotimia na mafundi wasiotokea, tunaweza kumhurumia. Baada ya Marekani kujitenga na Uingereza, kanisa hilo liliendelea ndani ya Kanisa la Episkopali, ambalo ni ndugu wa Kanisa letu katika Jumuiya ya Kianglikana.

NYUMBA YAONGEZWA PANDE MBILI

Mwaka ule ule wa 1774 Washington aliianza tena nyumba yake. Safari hii alitaka kuiongeza pande zote mbili. Upande wa kusini aliweka chumba cha kazi, penye vitabu na hesabu zake, na juu yake chumba cha kulala yeye na mkewe. Upande wa kaskazini alikusudia ukumbi mkubwa wa wageni, wenye dari ya juu sana, kimo cha orofa mbili. Nyumba ya baba yake ikabaki katikati, kama moyo ndani ya mwili.

Lakini kazi ilipokuwa ikiendelea, vita vilianza. Mwezi wa Juni 1775 alichaguliwa kuwa mkuu wa majeshi ya makoloni yaliyomwasi Mfalme. Ujenzi uliachwa mikononi mwa ndugu yake wa mbali, Bw. Lund Washington, na kwa miaka yote ya vita barua zilikwenda na kurudi. Jemadari aliyekuwa na askari wenye njaa na wasio na viatu alipata nafasi ya kuandika juu ya mabomba ya moshi, milango na miti ya kupandwa.

Katika miaka hiyo lilijengwa baraza linalotazama mto. Linakwenda urefu wote wa nyumba, na paa lake limeshikwa na nguzo nane za mraba, ndefu mpaka orofa ya pili. Watu wa huku kwetu hawahitaji kuelezwa faida ya baraza: pana kivuli, pana upepo wa mtoni, na mgeni hukaribishwa kabla hajaingia ndani. Lakini katika nchi ile baraza kubwa namna hiyo lilikuwa jambo geni, na baadaye watu wengi waliliiga. Juu ya paa pia pakawekwa kibanda chenye madirisha pande zote. Wakati wa joto madirisha hayo hufunguliwa, hewa moto ikapanda na kutoka, na hewa baridi ikaingia kwa chini.

Tena fundi yeyote akisimama mbele ya nyumba hiyo atagundua kasoro. Madirisha hayakupangika sawasawa, na mlango hauko katikati kabisa. Sababu yake ni kwamba Washington alitaka nyumba mpya yenye usawa, lakini alikuwa ameijenga juu ya ile ya zamani, na vyumba na ngazi za zamani zilikataa kusogea. Mwenye kurithi hawezi kuyapanga yote apendavyo.

MELI YA WAINGEREZA

Mwezi wa Aprili 1781 meli ya vita ya Waingereza iitwayo Savage ilipanda mto Potomac ikichoma nyumba za watu. Ilipofika mbele ya Mount Vernon, Bw. Lund aliogopa. Aliwapelekea maadui vyakula ili nyumba isichomwe, nayo ikasalimika. Labda yeye alidhani atashukuriwa. Lakini Washington alipopata habari alimwandikia kwa ukali, akimweleza kwamba ingalikuwa afadhali nyumba ichomwe na shamba liharibiwe kuliko kusikia kwamba nyumbani kwake adui amekirimiwa. Nyumba aliyokuwa ameijenga kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa tayari kuipoteza, kwa ajili ya heshima ya uhuru.

Siku hizo hizo watumwa kumi na saba wa Mount Vernon walikimbilia katika meli ile. Wao nao walikuwa wakitafuta uhuru, ila waliutafuta upande wa pili. Baada ya vita kwisha kule Yorktown mwaka huo huo, baadhi yao walikamatwa na kurudishwa utumwani.

AMANI NA WAGENI

Washington alijiuzulu ujemadari tarehe 23 Desemba 1783, akafika nyumbani usiku wa kuamkia Krismasi. Wengi walishangaa kwamba mtu mwenye jeshi mkononi aliliacha kwa hiari yake na kurudi kulima. Ndipo alipoumaliza ukumbi mkubwa wa kaskazini. Darini mafundi walichora kwa plasta zana za wakulima, maana alitaka mgeni ajue kwamba mwenyeji wake ni mkulima. Rafiki yake mmoja wa London, Bw. Samuel Vaughan, alimpelekea jiko la ukutani la marumaru lililochongwa picha za mifugo na shamba. Washington aliona haya kidogo, akidhani ni zuri kupita kiasi kwa nyumba yake, lakini alilipokea. Barazani yaliwekwa mawe ya sakafu yaliyoletwa kutoka Uingereza. Mwaka 1787 juu kabisa ya kibanda cha paani iliwekwa sanamu ya njiwa mwenye jani mdomoni, ionyeshayo uendako upepo. Ni njiwa wa amani, kama yule wa safina.

Wageni walikuwa hawaishi. Mwaka 1785 aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu siku ambayo yeye na Bibi Martha walikula chakula peke yao, kwa kuwa lilikuwa jambo la ajabu halijapata kutokea tangu alipotoka vitani. Wao hawakujaliwa kupata mtoto pamoja. Patsy, binti wa Bibi Martha, alifariki katika nyumba hiyo mwaka 1773, na kaka yake Jacky akafa mwaka 1781. Wajukuu wawili, Nelly na George, walilelewa pale, na kelele zao zikaijaza nyumba.

Toka mwaka 1789 mpaka 1797 alikuwa Rais, na nyumbani alikuja kwa likizo tu. Katika miaka hiyo Jemadari Lafayette wa Ufaransa alimpelekea ufunguo wa gereza la Bastille, lililovunjwa na watu wa Paris mwaka 1789. Ufunguo huo ulitundikwa katika ukumbi wa katikati, kila aingiaye auone na kukumbuka kwamba jela ya wadhalimu imevunjwa.

WALIOIBEBA NYUMBA

Lakini msomaji atauliza, ni nani aliyefyatua matofali, akapasua mbao, akapika vyakula vya wageni hao wote? Wafanyakazi wengine walikuwa mafundi wa kuajiriwa, lakini wengi walikuwa Waafrika na watoto wa Waafrika, walioshikwa utumwani. Mwaka 1799 pale Mount Vernon walihesabiwa watu 317. Kati yao 123 walikuwa mali ya Washington mwenyewe, 153 walitokana na urithi wa mume wa kwanza wa Bibi Martha, na waliobaki walikodiwa kwa majirani. Kila siku walipita chini ya ufunguo wa Bastille wakibeba sahani na kuni.

Sisi tunaolijua Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali pa soko la watumwa, hatuhitaji kufundishwa maana ya mambo hayo.

Alipokuwa Rais mjini Philadelphia, sheria ya Pennsylvania ilimruhusu mtumwa aliyeletwa kutoka nje na kukaa zaidi ya miezi sita kudai uhuru wake. Washington aliwarudisha watu wake Virginia kwa zamu kabla ya muda huo kutimia, na alitaka jambo hilo lisijulikane. Hata hivyo mwaka 1796 msichana Ona Judge, mtumishi wa Bibi Martha, alitoroka akafika New Hampshire. Alitafutwa na kubembelezwa arudi, lakini alikataa, na alikufa mwaka 1848 bila kurudi. Mpishi wao mashuhuri, Hercules, alirudishwa Mount Vernon na kutiwa katika kazi ya kuchimba udongo wa matofali. Tarehe 22 Februari 1797, siku ya kuzaliwa kwa bwana wake, naye alitoroka.

Haifai kuyaficha mambo haya kwa sababu ya ukubwa wa mtu. Yule aliyekuwa tayari nyumba yake ichomwe kwa ajili ya uhuru, alikuwa hayuko tayari kumpa uhuru msichana aliyemshonea mkewe nguo.

WASIA

Tangu siku za vita moyo wake ulikuwa umeanza kubadilika. Aliona askari weusi wakipigana vema, akasikia hoja za rafiki zake, hasa Lafayette. Aliacha kuuza watu ili asizitenganishe jamaa zao. Lakini kuwaachia huru alikuwa akikuahirisha mwaka baada ya mwaka.

Mwezi wa Julai 1799 alikaa akauandika wasia wake kwa mkono wake mwenyewe. Ndani yake aliagiza kwamba watumwa wake wote 123 wapewe uhuru baada ya kufa kwa Bibi Martha. Wazee na wagonjwa watunzwe. Watoto wasio na wazazi wafundishwe kusoma na kuandika na kazi ya mikono. William Lee, mtumishi aliyekuwa naye vita vyote na ambaye sasa alikuwa kilema wa magoti, apewe uhuru mara moja na fedha za kila mwaka. Wale 153 wa urithi hakuwa na mamlaka juu yao kwa sheria. Kwa kuwa watu wa makundi hayo mawili walikuwa wameoana, aliandika akijua kwamba patakuwapo nyumba ambazo mume atatoka huru na mke atabaki.

Tarehe 12 Desemba 1799 alizunguka mashamba yake juu ya farasi katika theluji na mvua. Kesho yake koo lilimwuma. Waganga walimtoa damu mara kadhaa kwa desturi ya siku zile, lakini haikumfaa. Alifariki tarehe 14 usiku, katika chumba kile cha kusini alichokijenga mwenyewe. Bibi Martha alikifunga chumba hicho, akahamia kidogo cha orofa ya juu, na wala hakulala tena mle. Hakungoja kufa kwake ndipo watu waachiwe, bali aliwapa uhuru tarehe 1 Januari 1801. Mwenyewe alifariki mwaka 1802, na wale wa urithi wakagawanywa kwa wajukuu. Wazee walioachiwa huru waliendelea kulipwa posho kutoka katika mali ya Washington mpaka mwaka 1833.

NYUMBA BAADA YAKE

Nyumba iliwaendea ndugu zake, wa kwanza akiwa Jaji Bushrod Washington, aliyeongeza kibaraza ubavuni. Lakini mashamba hayakulipa tena, wageni walikuja kwa mamia, na fedha za matengenezo hazikuwapo. Yapata mwaka 1850 na kuendelea nguzo za baraza zilikuwa zimeoza, na paa likategemezwa kwa milingoti ya meli. Mwaka 1853 mama mmoja aliyekuwa akipita mtoni kwa meli aliiona hali hiyo, akamwandikia binti yake, Bi. Ann Pamela Cunningham. Binti huyo, ingawa alikuwa mgonjwa, alikusanya wanawake wa nchi nzima, wakachanga dola 200,000 na kuinunua. Wameitunza tangu mwaka 1860, na wamejitahidi kuirudisha ilivyokuwa mwaka ule aliofariki mwenyewe.

Washington amezikwa hapo shambani, katika kaburi la matofali alilolitaja katika wasia wake. Karibu yake, chini ya miti, wamelala watumwa wa Mount Vernon katika makaburi yasiyo na majina. Kwa miaka mingi hapakuwa na alama yoyote. Mwaka 1929 liliwekwa jiwe moja, na mwaka 1983 ukajengwa ukumbusho mzuri uliobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard. Leo aendaye kuiona nyumba huonyeshwa pia mahali hapo.

Hayo ndiyo maisha ya George Washington na nyumba yake. Paa aliliinua akiwa kijana, mabawa aliyaongeza akiwa mtu mzima, na ukumbi aliumaliza akiwa mzee. Lakini kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote aliiacha mpaka miezi mitano ya mwisho, akaiandika katika karatasi ili wengine waje kuitimiza. Tumshukuru Mungu kwamba aliiandika. Nasi tusingoje wasia. Kama pana neno la haki tunalolijua na ambalo tumelisogeza mbele kila mwaka, tulifanye tungali tunaishi ndani ya nyumba.